Miguu ya Koplo Kikoti

1

"Tumejaribu kuondoa kelele za upepo," Daktari Mwanamkuu alisema, "lakini upepo wa kule vitani Chumvini hauondoki. Hata hivyo utamsikia vizuri. Uko tayari, Sajenti?"

Sajenti Asteria Gama hakuwa tayari. Lakini jeshini swali hilo huulizwa kwa adabu tu, kama mwenyeji anavyomuuliza mgeni kama ameshiba huku anaondoa sahani. Akasema yuko tayari.

Chumba cha Baraza la Nishani kilikuwa kontena la bati lililopakwa rangi ya maziwa kwa ndani, na joto lake lingeivisha mkate. Kanali Rwechungura, mkuu wa Baraza, alikaa upande mmoja wa meza na chupa yake ya chai. Daktari alikaa upande wa pili na mashine. Katikati yao, ndani ya kisanduku cha mahameli, ilikuwepo Nishani ya Ngao Nyekundu. Kilikuwa kipande cha shaba, duara, kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya asali.

Ukutani ukatokea mwili wa Koplo Fulgensi Kikoti. Haukuwa na uso wala ngozi. Ulikuwa michirizi ya mwanga tu, kila mshipa na mstari wake, kama ulivyonaswa na fulana ambayo kila askari wa mstari wa mbele huivaa chini ya sare. Fulana hiyo haisahau kitu: pigo la moyo, jasho, kila amri inayotoka ubongoni kwenda kwenye msuli. Fulgensi mwenyewe alikuwa amelala kwenye jokofu la kambi, nyuma ya ghala la viatu, akisubiri watu wa chumba hiki waamue kama atakwenda nyumbani au ataingia shimoni.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya vita ile. Ndege zilikuwa chache na wafu walikuwa wengi. Aliyepata Nishani alirudishwa kwao, mama yake akamzika. Asiyepata alisukumwa na tingatinga shimoni pamoja na wenzake, ikamwagwa chumvi juu, kazi ikaisha.

"Anza," alisema Kanali.

Upepo. Milipuko. Kisha mlio wa nzige, zile mashine ndogo za adui zilizokuja kwa makundi na kuchoma chochote chenye joto la damu. Asteria alikaza meno. Siku ile yeye na kikosi chake walikuwa wamejibanza nyuma ya tuta la chumvi, nzige wanashuka, na mnara uliokuwa ukiwaongoza uko ng'ambo ya uwanja mtupu. Mtu mmoja aliinuka na furushi la baruti akaukimbilia mnara ule. Kikosi kizima kilipona kwa sababu yake. Kama Asteria alikuwa anavuta pumzi ndani ya lile kontena, ni kwa sababu yake, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Sauti ikatoka ukutani, inahema. "Nishike! Asteria, nishike! Miguu si yangu!"

Ikafuata sauti ya Asteria mwenyewe, imejaa kicheko. "Nenda kafe huko, mla mbwa we! Nitakuja kula wali wa matanga yako!"

Kicheko tena. Halafu mlipuko, na michirizi yote ukutani ikazimika.

Kanali Rwechungura alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto, alikuwa na huruma, na aliipenda kazi yake, na pengine hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake.

"Nimekaa kwenye Baraza hili miaka mingi," alisema. "Sijapata kusikia kitu kama hiki. Mtu yuko mlangoni mwa mauti, anatania! Na mwenzake anamjibu kwa utani! Hii itachezwa kwa makuruta nchi nzima."

Asteria hakumsikiliza. Alikuwa amekwama kwenye neno moja, jina lake mwenyewe.

Mhehe na Mngoni ni watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, hakuna aliyemweza mwenzake, wakaona afadhali wamalizie ugomvi kwa matusi. Tangu hapo Mhehe humwambia Mngoni maneno ambayo angemwambia mtu mwingine zingeanza ngumi, na Mngoni hucheka na kurudisha. Mmoja akifa, ni mtani wake anayevaa nguo za marehemu, akamwiga mbele ya waombolezaji, akaingia hata kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Miaka yote waliyokaa mtaro mmoja, Fulgensi alimwita Asteria "mkimbizi," kwa kuwa Wangoni walikuja mbio kutoka kusini. Yeye alimwita Fulgensi "mla mbwa." Jina la ubatizo hawakulitumia hata siku moja, si kwa raha wala kwa hasira. Mtani akikutaja jina, ujue utani umekwisha na mwenzio ana shida.

Na kule Chumvini Fulgensi alimwita Asteria, naye akacheka.

"Rudisha nyuma, daktari," alisema. "Pale anapoinuka."

Daktari akarudisha. Mwili wa michirizi ukainuka ukaanza kukimbia, na Asteria akaona kile ambacho siku ile moshi ulimficha. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburutwa. Fulgensi Kikoti alikuwa mkimbiaji wa kombe la brigedi. Miguu yake ilikuwa sawa kama ya swala.

"Anachechemea," alisema Asteria.

"Ah, hiyo ni alama ya Mwanahiba," daktari alijibu, kama mtu anayeonyesha chapa ya fundi kwenye kiti. "Wote wanayo."

Koplo Mwanahiba Shomari alikuwa wa kwanza kupata Ngao Nyekundu. Alichechemea tangu utotoni, na kwa mguu huohuo alilikimbilia gari la deraya akalilipua. Kutokana na kumbukumbu ya fulana yake madaktari walikamua dozi ya kwanza, dawa ya kuufundisha mwili wa mtu njia ambayo mwili wa mtu mwingine umeshapita. Kuruta akichomwa sindano kisogoni, basi inapofika saa au amri ya kwenda, anakwenda. Kwenye hati inaitwa dozi ya mfano. Askari wanaiita maji. Jina hilo lilitoka kwa vijana wa Songea, kwa kicheko chenye uchungu, kwani babu zao nao waliwahi kunyunyiziwa maji ya vita na kila mtu anajua yaliwafikisha wapi. Asteria hakuchanjwa, aliingia jeshini kabla ya mambo hayo. Fulgensi alichanjwa mwaka jana, akarudi anatania kwamba sasa ana mke kisogoni.

"Tazama hapa mapajani," daktari aliendelea, na kidole chake kikafuata mistari. "Amri zipo mbili. Hii ya bluu inatoka ubongoni mwake, inasema rudi. Hii ya njano inatoka kwenye dozi, inasema nenda. Zimevutana vibaya, misuli ilikuwa inakaribia kuchanika. Mwisho ya njano imeshinda. Hapo ndipo tunaposema ushujaa."

"Na ile ya bluu?"

"Ile tunaichuja. Maji ya huyu yatakuwa safi kuliko hata ya Mwanahiba."

Alisema bila ubaya wowote, na Asteria akatamani angekuwa na ubaya, apate mtu wa kumchukia.

"Afande," alimgeukia Kanali, "yule mtu alikuwa hatanii. Alikuwa anaomba ashikwe."

Kanali akavaa miwani yake tena.

"Unataka kusema hakuwa shujaa?"

"Nataka kusema hakuwa yeye."

"Sajenti." Kanali alimwaga chai kikombeni, akamsogezea. "Wewe ndiye shahidi wa ubavuni. Bila kiganja chako hapa mezani, Nishani haitoki. Ukiweka, jioni hii anapanda ndege. Ukipinga ni haki yako, na mimi nitapeleka jalada makao makuu, watachunguza. Lakini jokofu halingojei uchunguzi. Tingatinga linapita kesho asubuhi." Akafunga chupa ya chai. "Na jua jambo moja. Maji hayakamuliwi mpaka mama yake mzazi apokee Nishani kwa mkono wake, penye kaburi, na aseme 'Nimepokea.' Mwili ni wa ndugu. Hilo hata sisi tunaliheshimu."

Asteria alikitazama kibao cha kioo cha alama za viganja pale mezani. Alimwona Fulgensi chini ya chumvi, mdomo umejaa chumvi. Aliona pia vijana asiowajua wakikimbia kwa miguu isiyo yao, wakiita watu majina, na watu wakiwacheka.

Maiti kwanza, alijiambia. Mama wa watu amwone mwanawe. Mengine nitayasema kwa kinywa kingine.

Akaweka kiganja.

2

Lufinyo, kwao Fulgensi, ni kijiji cha baridi. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeshika tangu alfajiri, misonobari inadondosha maji, na kilio cha wanawake kilisikika hata kabla gari la jeshi halijamaliza kona. Kanali na daktari walishuka mbele, Asteria nyuma ya jeneza. Kabla hajatia mguu uani, sauti ya kike ikampokea.

"He! Mkimbizi umefika! Safari hii umekuja kwa miguu au umekimbia kama kawaida yenu?"

"Nimesikia harufu ya mbwa anachomwa," Asteria alijibu palepale, "nikasema hao Wahehe wana msiba, wasije wakala peke yao."

Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Aliyesema alikuwa Lukresia, mdogo wake Fulgensi, kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa amevaa sare mpya ya kuruta, kola bado ngumu. Akaja kumkumbatia, na Asteria akaacha kucheka. Mguu wa kushoto wa Lukresia ulikuwa unabaki nyuma kidogo kila anapopiga hatua.

"Umeshachanjwa?"

"Ya msingi tu, ya Mwanahiba." Lukresia aliinamisha kichwa amwonyeshe kisogo chake, na kovu dogo la waridi. "Ya kaka nachanjwa Jumatatu. Kanali amesema niwe wa kwanza kabisa, damu moja inapokeana vizuri." Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia, lakini macho yalikuwa yanawaka. "Nitakuwa naye hapa, mkimbizi. Hatanitoka tena."

Asteria alikosa tusi la kumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mama yao, Bi. Veneranda, alikuwa chumba cha ndani, amekaa mkekani na shuka begani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watu walijifunza zamani kuisikiliza.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Niliwaambia kwa simu simziki mpaka mtani wake aje. Kanali akaona namchelewesha." Akavuta fuko lililokuwa ubavuni mwake, akatoa koti la sufi la rangi ya kahawia na kofia iliyochakaa. "Nguo zake hizi. Koti alikuwa analipenda, sikutaka kumpa mtu."

Asteria alipokea kwa mikono miwili. Koti lilinuka moshi na ulanzi, ile pombe ya mianzi.

"Wanangu wameniambia kaburi liko tayari," mama aliendelea. "Pale kando ya baba yake, mbele ya mlango. Nimetaka liwe pale, nikifungua mlango asubuhi nimsalimie. Wenzangu wawili hapa kijijini wana wana wao kule kwenye shimo la chumvi. Wanasalimia upepo." Akamtazama. "Kanali ameniambia mwanangu alikufa anacheka. Ni kweli?"

Hapo ndipo roho ya Asteria ilipopasuka vipande viwili. Alijua utaratibu, Kanali aliurudia njiani: Nishani kwanza, udongo baadaye. Mama asipopokea, jeneza halishuki. Litarudi Chumvini, na tingatinga lipo. Akimwambia sasa, atamnyima kaburi la mwanawe. Asipomwambia, Jumatatu Lukresia atachomwa kisogoni dakika za mwisho za kaka yake, zimechujwa kilio chote. Angempa nini mama huyu, maiti au mtoto? Na ni nani aliyempa yeye madaraka ya kuchagua?

"Mama," alisema mwisho, "leo nimekuja na kinywa cha utani tu. Kila nilicho nacho nitakisema kule nje."

Bi. Veneranda alivuta shuka begani. Alimtazama kama anayetazama mawingu akiwa na mahindi uani.

"Haya," alisema. "Vaa koti."

3

Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, udongo mwekundu umepangwa pembeni. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili na bendera ikatandazwa juu yake. Askari sita wachanga walisimama kando, Kanali mbele yao na kisanduku chake cha mahameli, na juu ya vichwa vya watu kamera mbili za kuruka zilikuwa zinavuma taratibu, maana mazishi yalikuwa yanaonyeshwa nchi nzima.

Asteria alitokea nyuma ya nyumba na koti la Fulgensi na kofia yake, amefumba jicho moja.

Kijiji kililipuka kwa kicheko. Ndivyo Fulgensi alivyoonja ulanzi, jicho moja limefumbwa kama mganga. Akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya Fulgensi, ile iliyokuwa inawatangulia wenzake kila mara na kuwasubiri mwisho wa ubeti. Akatia mkono mfukoni, kama Fulgensi alivyotia kila alipoanza kusema uongo, akamwambia Kanali kwamba yeye hajawahi kuiba viazi vya mtu. Wazee walishika mbavu. Hata Kanali alitabasamu, akamnong'oneza daktari kitu.

Kisha Asteria akaruka kaburini, akajilaza.

"Chumba kikubwa hiki!" alipiga kelele kutoka chini. "Wahehe mmejitahidi! Na mbwa wangu mtamlaza wapi?"

Wakamtupia ugoro. Wakamtupia hindi bichi. Mwanamke mmoja akamshushia kikombe cha ulanzi kwa kamba. Utani ulikwenda kama maji ya mfereji, na mioyo ya watu ilikuwa imeanza kupumua.

Asteria akasimama. Kaburi lilimfika kifuani.

Akaanza kukimbia palepale, ndani ya kaburi. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuza. Miguu ilimvuta upande mmoja, mikono yake ikang'ang'ania ukingo wa upande wa pili, kucha zinachota udongo. Akatoa sauti ya Fulgensi, ile aliyoisikia kwenye kontena.

"Nishikeni! Miguu si yangu! Nishikeni!"

Watu walicheka mpaka wakainama. Watoto waliiga mwendo ule. Kanali Rwechungura alikuwa anafuta machozi, anacheka kwa uchungu na fahari, kwani hii ndiyo ile sehemu aliyoipenda. Asteria alikisikia kicheko kile kikimzunguka juu ya kichwa chake na akakitambua. Kilikuwa chake. Hivi ndivyo kilivyosikika masikioni mwa Fulgensi alipokuwa anakwenda. Mzaha mzaha hutunga usaha, na usaha ulikuwa huu, kijiji kizima kinamcheka mtu anayeuawa.

Hakubakiwa na njia nyingine. Akafanya jambo ambalo mtani hafanyi.

"Veneranda!" alilia. "Veneranda, nishike! Lukresia, nishike!"

Waliokuwa karibu walikatisha vicheko. Mtani kumtaja mama mzazi kwa jina, penye kaburi! Wengine nyuma waliendelea kucheka kidogo, wakaishia njiani. Bi. Veneranda alikuwa ameshasimama.

"Nyamazeni," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Huyu hatanii."

Akaja mpaka ukingoni.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, mama."

"Alimwita nani?"

"Aliniita mimi. Kwa jina langu."

"Na wewe?"

"Nilicheka." Asteria alilia bila kujificha. "Nilidhani tunataniana. Yale maji yalikuwa yanamkimbiza, yeye anarudi nyuma. Kwenye mashine inaonekana. Kile kilio watakichuja, watabakiza miguu tu, wampe Lukresia."

Kanali alisogea. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini hatua zake zilikuwa zilezile za sherehe.

"Mama, Sajenti ana uchungu, tumvumilie. Ukweli ni huu: mwanao aliokoa kikosi kizima."

"Najua. Na huyu Mngoni ni mmoja wao. Kwa hilo namshukuru Mungu, na siku moja nitamshukuru na mwanangu." Alikitazama kile kipande cha shaba ndani ya mahameli. "Nikisema nimepokea, maji yake yanakwenda kwa nani?"

"Kwa makuruta wa nchi nzima. Binti yako akiwa wa kwanza. Wengi watapona kwa sababu yao, mama. Sikudanganyi, wengi watapona."

"Nisiposema?"

Kanali alitazama viatu vyake. "Jeneza ni la Jeshi."

Bi. Veneranda alikwenda kwenye jeneza. Aliondoa bendera taratibu, akaikunja, akamkabidhi askari aliyekuwa karibu, kisha akaweka kiganja na shavu lake juu ya mbao. Walio jirani walimsikia akiongea Kihehe, maneno ya kumbembeleza mtoto asiyetaka kulala.

"Fulgensi mwanangu," alimalizia kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "nisamehe. Nilikuandalia nyumba mlangoni pangu. Lakini mdogo wako bado anapumua." Akainuka, akamgeukia Kanali. "Sipokei."

"Mama!" Lukresia alipiga ukelele. "Mama, unamtupa kaka! Unamrudisha shimoni!"

"Namrudisha," alisema mama yake. "Nitabeba."

Kanali alisubiri, akidhani labda atabadili neno. Hakubadili. Basi akatoa ishara, na wale askari sita wakalinyanyua jeneza begani na kuelekea garini. Walikwenda kwa mwendo mmoja, na mguu wao wa kushoto wote sita ukaburuza kwenye tope kwa pamoja. Kijiji kiliona. Watoto hawakuiga tena.

Bi. Veneranda alirudi ukingoni, akamnyooshea Asteria mkono amvute juu. Akamvua lile koti kwa mikono yake, kifungo kwa kifungo, kama anavyovuliwa mtoto aliyelowa mvua, akalikunja na kulidondosha kaburini. Kofia ikafuata.

"Kaburi halibaki wazi," alisema. "Zikeni hilo. Nitalisalimia hilo."

Wanaume wakachukua majembe. Lukresia alikuwa amepiga magoti pembeni, amevimba kwa hasira na kilio, hata hivyo alichota udongo akaufumba kiganjani. Hata kama mwili haupo, hakuna mtu atakayemkataza kumtupia kaka yake udongo. Alikuwa amenyoosha mkono juu ya koti lile, anasubiri zamu yake baada ya mama.

"Kuruta Kikoti," Kanali aliita kutoka garini. Hakufoka. "Panda gari."

Lukresia akasimama.

Udongo ukamwagika kutoka kiganjani mwake kabla haujafika kaburini. Kifua chake kilikuwa bado kimeelekea kwa mama yake, uso nao, mkono bado umenyooshwa. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa ameshageuka. Mguu wa kulia ulipiga hatua. Wa kushoto ukafuata, unaburuza. Alikwenda hivyo, amejinyonganyonga, na kijana mmoja nyuma ya umati akacheka kidogo kwa kutojua.

Lukresia alijitazama miguu. Hasira ilimtoka usoni, ikabaki hofu tupu.

"Asteria," alisema. "Nishike."

Asteria alikuwa ameshamfikia. Alimkumbatia kiunoni kwa nguvu zote, wakaanguka wote wawili kwenye tope, na miguu ile ikaendelea kusukuma, viatu vipya vinachimba udongo, inawaburuta kuelekea garini. Bi. Veneranda akautupa mwili wake juu ya goti moja la bintiye. Wanawake wa Lufinyo wakatupa kanga zao wakaja, huyu ameshika kisigino, yule paja, mwingine anafunga vifundo kwa kanga.

"Afande!" Asteria alipiga kelele. "Mwambie asimame!"

Kanali Rwechungura alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, kisanduku mkononi.

"Kuruta, simama," alisema.

Miguu haikusimama.

"Simama!" alirudia, kwa sauti ambayo Asteria hakuwahi kuisikia kwake. Akamgeukia daktari. Daktari Mwanamkuu alitikisa kichwa. Mwanahiba Shomari hakuwahi kusimama njiani siku ile, wala Fulgensi Kikoti. Mwili wa Lukresia ulifundishwa njia moja tu, ya kwenda.

Kamera zilikuwa bado zinavuma juu yao kwenye manyunyu. Gari lilikuwa linanguruma, jeneza ndani, na wale askari sita walikuwa wamekaa kando ya jeneza, kila mmoja ameshika mapaja yake mwenyewe kwa mikono miwili, wanatazama.

"Umenishika?" Lukresia aliuliza.

"Nimekushika."

"Usicheke."

"Sicheki," alisema Asteria, akakaza mikono, na miguu ya Lukresia ikaendelea kutembea.